Mikono 412: uchambuzi wa posti moja ya kanisa mjini Masasi

Mwisho wa Agosti, usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu, saa sita na nusu, ukurasa wa Facebook wa kanisa moja dogo la kipentekoste mjini Masasi, kusini mwa Tanzania, ulipandisha picha nne na maneno haya: "Bwana ametenda makuu! Siku saba za mkutano, roho 412 zimeokolewa! Kanisa letu limetoka watu 90 hadi 500! Bado tunahitaji bati ili wana wa Mungu wasinyeshewe." Chini yake ikawekwa namba ya simu ya kupokelea sadaka, na jina la mweka hazina.

Kisa hiki ni cha kufundishia. Kanisa hatulitaji, na hesabu zake ni za mfano. Mji, misimu, sheria na Maandiko ni vya kweli. Tumekichagua kwa sababu ukiuliza nani hasa alidanganya, humpati. Mhudumu alihesabu alichokiona, katibu akajumlisha alichopewa, kijana wa media akaandika alichoambiwa, mchungaji akasema "Amina, weka." Na bado, kufika asubuhi, watu wa Dar es Salaam na Arusha walikuwa wanasoma jambo ambalo halikutokea Masasi.

Namba ilivyopikwa bila mpishi

Kila usiku, mhubiri alipoita watu, taa za jukwaani zilipunguzwa na macho yakafumbwa. Mkuu wa wahudumu alisimama pembeni na tochi ya simu akihesabu mikono. Usiku wa kwanza 38, wa pili 45, kisha 51, 60, 66, 72, na wa mwisho 80. Katibu aliandika nyuma ya karatasi ya ratiba, Jumapili usiku akajumlisha: 412. Hesabu ni sahihi kabisa, hata mwalimu wa darasa la tatu angempa vema.

Kosa lilikuwa kwenye kile kilichojumlishwa. Mwito wenyewe ulikuwa na milango mitatu. Mhubiri alisema: anayetaka kuokoka anyooshe mkono, aliyeokoka akarudi nyuma anyooshe, mwenye mgonjwa nyumbani anayetaka maombi naye anyooshe. Mikono ya makundi matatu ikahesabiwa kwa pamoja, usiku saba mfululizo. Mama aliyekuja usiku nne akiwa na mtoto anayeumwa ana mikono minne katika 412. Mzee wa kanisa anayenyoosha kila mwito, kwa moyo mweupe tu, ana saba.

Kulikuwa pia na kadi. Baada ya sala, waliokwenda mbele walipewa kadi ya jina, mtaa na namba ya simu. Siku saba zilizaa kadi 187. Jumatano iliyofuata wazee wawili walikaa na boksi la kadi mezani, wakazipanga kwa jina na mtaa. Majina yaliyojirudia yalipotolewa zikabaki 131. Katika hizo, 48 zilikuwa za watoto wa chini ya miaka 14. Mkutano wowote wenye taa, spika kubwa na filamu ya usiku huvuta watoto wa mitaa mitano, na mtoto akiona wenzake wanaandikwa naye ataandikwa. Zikabaki 83. Walipopiga simu, 39 wakasema wao ni washirika wa makanisa mengine, walikuja kuhudhuria tu na wakaguswa. Zikabaki 44. Kati ya hao, 17 hawakupatikana: namba haipo, au ni ya jirani, au mtu alikuwa mgeni amesharudi Nanyumbu. Waliofikiwa wakazungumza na mtu uso kwa uso walikuwa 27. Wiki nane baadaye, waliokuwa wanakuja ibadani walikuwa 11, na 6 wakawa wameandikishwa darasa la ubatizo.

Kutoka 412 hadi 11. Watu wakiuona mteremko huo husema mkutano ulishindwa. Haukushindwa. Watu wazima kumi na mmoja wapya katika kanisa la watu mia na ushei ni kazi kubwa, na mwinjilisti mzoefu akiambiwa namba hiyo atashukuru. Kilichoiharibu ni 412 iliyotangulia kutangazwa: kumi na mmoja walikuja wakakuta kiti chao kimeshakaliwa na mia nne wasiokuwepo.

Ile 500 ina asili nyingine. Ni makadirio ya umati wa usiku wa mwisho, yaliyotamkwa jukwaani: "Nawaona kama mia tano hivi!" Baadaye katibu alirudi uwanjani akapima kwa hatua sehemu iliyofikiwa na mwanga: hatua 24 kwa 20. Hatua ya mtu mzima tuifanye sentimita 75. Hiyo ni mita 18 kwa 15, yaani mita za mraba 270. Watu waliosimama kwa nafasi huchukua karibu mita moja ya mraba kila mmoja. Waliobanana huingia wawili hadi wawili na nusu. Viti vya plastiki vilivyokodishwa vilikuwa 200, na wenye navyo walikumbuka kwamba safu za nyuma hazikujaa. Kiti kimoja pamoja na nafasi ya miguu ni kama mita 0.6 za mraba, hivyo viti vyote vilikula 120. Zilizobaki 150 zilikuwa za watoto kwenye mikeka mbele na wasimamaji wa pembeni, ambao hawakubanana. Ukiweka watu 180 vitini, watoto 70 mikekani na 60 waliosimama, unapata 310. Ukiwa mkarimu sema 350.

Tena hao ni umati wa uwanjani, si kanisa. Ndani ya sentensi moja posti ililinganisha waliokaa ndani ya kanisa Jumapili moja na waliosimama uwanjani usiku mmoja, ikaita tofauti hiyo ongezeko. Ilipoanza kusambazwa, namba mbili zikaungana: kwenye grupu moja la WhatsApp la waombaji ikawa "Masasi: watu 500 waokoka." Aliyeandika hivyo wala hakuongeza chumvi. Alifupisha tu.

Februari na Agosti si ndugu

Tisini ilitoka wapi? Ilitoka kwenye daftari la katibu, Jumapili ya pili ya Februari. Anayeijua Kusini ataguna hapo hapo. Februari ni mvua na palizi. Nusu ya washirika wako shambani na wengine hawavuki mito. Agosti ni kiangazi, njia ni kavu, jioni zina ubaridi wa kupendeza, na mavuno ya chakula yako ndani. Kanisa lolote kati ya Masasi na Nachingwea likilinganisha Februari na Agosti litaonyesha ongezeko kila mwaka, hata kama halijapata mtu mmoja mpya tangu lianzishwe. Kuanzia Septemba hadi Desemba watu huokota korosho, mahudhurio yanashuka tena, ingawa minada ikianza sadaka inapanda. Mwenye kutaka kujisifia mahudhurio atapiga picha Agosti, na mwenye kutaka kujisifia sadaka atasubiri Novemba.

Mwezi hulinganishwa na mwezi wenzake. Katika kisa hiki, wastani wa Jumapili za Oktoba mwaka uliotangulia, watu wazima tu, ulikuwa 97. Oktoba baada ya mkutano ukawa 121. Wameongezeka 24, karibu robo. Wazee walikaa tena na majina wakawagawa: 11 ni wale wapya wa mkutano, 9 wametoka makanisa jirani, na 4 ni watumishi waliohamishiwa wilayani, walimu na muuguzi mmoja. Kwa hiyo kanisa lilikuwa na habari njema ya kweli mkononi, ya kutosha kabisa. Hakuna aliyeisikia.

Wale tisa nao wana jambo lao. Mtu anapohama kanisa A kwenda kanisa B, Masasi haijapata Mkristo mpya. Pengine kuna mchungaji mwenzako anayekaa Jumapili akiangalia viti tisa vitupu. Posti ikimwita mtu huyo "roho iliyookolewa," inamwambia yule jirani kwamba kwake watu walikuwa wanapotea. Hapa ugomvi ulianza kwa picha. Picha ya kwanza ilionyesha kundi la watu wamesimama mbele wamenyoosha mikono, na ukiikuza kidogo unaona akina mama sita wenye kitenge kimoja, cha bluu chenye maua meupe. Ilikuwa sare ya kwaya ya kanisa jirani, iliyoalikwa kuimba. Walikuwa wanaimba na mikono juu.

Inasaidia kukumbuka kwamba nchini hakuna namba ya serikali ya kumsuta yeyote. Sensa za Tanzania hazijauliza dini tangu ile ya 1967. Anayesema wilaya fulani "imefikiwa kwa asilimia kadhaa" ameitoa hesabu hiyo mahali pengine, mara nyingi kwenye taarifa kama hii yetu. Wala kupeleka habari za ongezeko kwa wafadhili hakukuletwa na simu. Askofu Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, alipoanzisha kituo hapa Masasi mwaka 1876 pamoja na watumwa waliokombolewa, barua zilikwenda Uingereza zikasomwa na watoaji. Na kituo kilipovamiwa na Wangoni mwaka 1882 watu wakatawanyika, ikabidi barua za aina nyingine ziandikwe. Zile zilichukua miezi. Hii ilichukua muda wa kubonyeza mara mbili, na mbonyezaji alikuwa na usingizi.

Picha ya tatu

Hili ndilo lililoumiza. Picha ya tatu ilimwonyesha mama kijana amejitanda mtandio mweusi, mtoto mgongoni, mkono mmoja juu, machozi shavuni. Ni picha nzuri, tuseme ukweli. Kijana wa media aliandika chini yake: "Hata wa dini nyingine wamempokea Yesu!"

Mama huyo alikuwa amekuja usiku wa tano kwa sababu mtoto alikuwa na homa isiyoisha na jirani yake alimwambia huko wanaombea wagonjwa. Mhubiri aliposema mwenye mgonjwa anyooshe, akanyoosha. Hakujaza kadi. Hakuna aliyemuuliza jina. Siku ya pili shemeji yake, yuko Newala, akaiona picha kwenye stetasi ya mtu, akaituma kwa kaka yake bila neno lolote. Bila neno ndiyo mbaya zaidi. Kufikia Jumatano mume ameipeleka kwa mjomba wa mke, maana kwa Wamakua na Wamakonde, na kwa Wayao pia, neno zito la mwanamke halimalizwi bila mjomba.

Mjomba alikwenda nyumbani kwa mchungaji siku ya Ijumaa, baada ya swala, na mzee mmoja wa mtaa. Hakupandisha sauti. "Mchungaji, mpwa wangu aliniaga kwamba anampeleka mtoto akaombewe. Sikumkataza, mtoto ni wetu sote. Sasa ninyi nani kawaambia kabadili dini?"

Mchungaji akamwita kijana wa media. Kijana akasema aliuona mkono.

Wenyeji wa Mtwara na Lindi hawahitaji kuelezwa uzito wa hilo. Ukoo mmoja una msikiti na kanisa ndani yake. Kaka anaitwa Paulo, dada anaitwa Zainabu, na siku ya msiba wanabeba jeneza moja na watani wanawachekesha wote kwa pamoja. Amani hiyo inasimama juu ya adabu ndogondogo, na mojawapo ni kwamba imani ya mtu husemwa na mtu mwenyewe. Posti ilimsemea, mbele ya wakwe.

Kuna na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka imani ya dini na afya ya mtu katika kundi la taarifa nyeti, ambazo zinahitaji ridhaa ya maandishi ya mwenyewe. Picha moja ilibeba vyote viwili, afya ya mtoto na dini ya mama, na mtoto hawezi kujitolea ridhaa. Wachungaji wengi hudhani sheria ile ni ya mabenki na kampuni za simu. Boksi la kadi 187 zenye majina, simu na uamuzi wa kiimani ni taarifa nyeti mojamoja. Lilikaa wiki nzima juu ya spika kwenye chumba kisicho na kufuli.

Nia

Mchungaji wa kisa hiki si tapeli, na anayemchambua kama tapeli hatajifunza kitu. Alikuwa na furaha ya kweli. Alikuwa na jengo lililofika lenta na mvua za Desemba mbele yake. Alikuwa kwenye grupu la wachungaji wa wilaya ambako wiki mbili kabla mwenzake alitangaza roho 300. Alikuwa na fomu ya mwezi ya makao makuu yenye safu nne: mahudhurio, waliookoka, waliobatizwa, waliojazwa Roho. Iangalie vizuri fomu hiyo. Haina safu ya waliohama, waliokufa, waliorudi nyuma. Ni fomu isiyojua kutoa, inajumlisha tu; kanisa likijaza kwa uaminifu mwaka hadi mwaka litakuja kuwa na washirika wengi kuliko watu wa mtaa wake. Anayeitengeneza fomu ya namna hiyo asishangae kuletewa furaha.

Mambo hayo manne yaliingia kwenye posti moja. Kutafuta lipi lilikuwa zito zaidi ni kazi ya Mungu. Paulo, akiwaandikia Wafilipi kuhusu wanaohubiri kwa husuda na wanaohubiri kwa nia njema, hakuanza kuwapima mioyo mmoja mmoja. Kinachopimika ni posti yenyewe, na cha kwanza kupima ni namba ya simu iliyoko chini. Posti yenye ongezeko peke yake ni ushuhuda. Ikiwekwa namba ya kupokelea pesa, ushuhuda umegeuka ombi la fedha, na kila tarakimu iliyo juu imekuwa sababu ya mtu kutoa. Hapo kukosea hesabu si kukosea tena. Mtu ametoa mali yake kwa jambo lisilo kweli, na Kanuni ya Adhabu ina kifungu cha kujipatia mali kwa udanganyifu ambacho hakisamehi kwa sababu aliyepokea ni mtumishi. Utetezi wa "sikujua" upo, lakini unadumu mpaka siku ya kujua.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano, wazee walipomletea 131. Mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Mzee wangu, acha kwanza. Bati zinanunuliwa Jumamosi."

"Baba mchungaji, hizo bati zitapigwa na maneno juu yake."

"Tutasahihisha baadaye."

Kwa maoni yetu kisa chote kiko hapo. Jumapili usiku alitangaza asichokijua. Hilo ni haraka. Jumatano alikijua akakiacha kiendelee kwa sababu kilikuwa kinaleta bati. Anania wa Matendo 5 hakutakiwa kutoa bei yote ya kiwanja. Petro alimwambia wazi kwamba fedha ilikuwa mikononi mwake. Kosa lilikuwa kuleta sehemu na kuiita yote. Na Luka, katika kitabu hicho hicho, anapotoa namba ya Pentekoste ni makini kuliko sisi: anasema waliolipokea neno walibatizwa, ndipo anataja watu "wapata" elfu tatu. Alihesabu waliobatizwa, si walionyoosha mikono, na bado akaweka "wapata."

Kusahihisha

Picha ya tatu ilitolewa Ijumaa ile ile, mjomba akiwa bado kwenye kiti. Hilo lilifanyika vizuri. Maneno ya 412 yalibaki hadi wiki ya kwanza ya Novemba, kwa kisingizio kwamba wanasubiri hesabu kamili za wiki nane. Ni kosa, na ni la kawaida sana. Kusema "ile namba si kweli, tumeitoa" hakuhitaji namba ya kuweka badala yake. Sahihisho linaweza kuja kwa hatua mbili: leo unaondoa uongo, baadaye unaleta hesabu.

Rasimu ya kwanza ya sahihisho ilisema: "Kutokana na hitilafu za kiufundi katika takwimu, baadhi ya taarifa za mkutano zinafanyiwa maboresho." Mzee mmoja aliisoma mara mbili akauliza hitilafu ya mashine ipi. Ikachanwa. Iliyotoka ilikuwa hii:

"Sahihisho la posti yetu ya Agosti. Tuliandika kwamba watu 412 wameokoka na kanisa limefika 500. Si kweli. 412 ni jumla ya mikono ya usiku saba, wengi wakiwa wale wale. Watu wazima ambao hawakuwa na kanisa na tuliozungumza nao baadaye ni 27. Wanaokuja ibadani hadi leo ni 11. Wastani wa Oktoba ni watu wazima 121. Oktoba mwaka jana 97. Kati ya walioongezeka, 9 wametoka makanisa jirani. Mama aliyeonekana kwenye picha mojawapo hakubadili dini. Tuliiweka bila ruhusa yake na tumemwomba radhi yeye na ndugu zake. Aliyetoa sadaka ya bati kwa ajili ya posti ile na angependa kurudishiwa, awasiliane na mweka hazina kabla ya Novemba 30."

Maneno kuhusu mama yule hayakuwekwa mpaka mjomba na mume waliyasoma wakakubali. Kuna familia zisingetaka yasemwe tena, na hapo ingebidi kunyamaza hadharani na kumaliza nyumbani kwao. Waliokosewa ndio wanaochagua.

Watoaji ishirini na watatu walikuwa wametuma jumla ya shilingi 1,860,000. Mweka hazina aliwaandikia kila mmoja ujumbe wake, si wa grupu, kabla posti haijatoka. Wawili wakaomba warudishiwe, jumla shilingi 150,000, wakarudishiwa kutoka mfuko wa kawaida kwa sababu bati zilishapigwa. Wengi wakajibu "endeleeni na kazi." Mmoja, aliyetoa kuliko wote, hakujibu, na hajatuma tena. Kwa kanisa jirani mchungaji alikwenda mwenyewe na karatasi yenye majina tisa. Wawili kati yao wakagundulika kuwa chini ya adhabu ya kanisa huko walikotoka, jambo ambalo barua ya utambulisho ingeonyesha siku ya kwanza.

Posti ya Agosti ilisambazwa mara 64. Sahihisho, mara 3.

Daftari jipya

Wazee hawakuandaa semina ya unyenyekevu. Walinunua kaunta buku moja na kalamu. Kuhesabu hufanywa wakati wa matangazo, si mwanzoni ambapo watu bado wanaingia wala mwishoni ambapo watoto wamerudi kutoka darasani kwao. Wanahesabu wawili, kila mmoja peke yake, mmoja akianzia mlangoni na mwingine madhabahuni. Wakitofautiana zaidi ya watu watano wanarudia, wakitofautiana pungufu ya hapo wanaandika namba ndogo. Watu wazima safu yao, watoto yao, wageni yao. Kisha kuna safu mbili ambazo makao makuu hayakuziomba: waliohama na waliokufa. Mwisho wa mwezi hupatikana wastani wa Jumapili zote, hata ile ya mvua, na pembeni yake huandikwa wastani wa mwezi huo huo mwaka jana.

Kwa mikutano ya nje, mhubiri sasa anatakiwa kuita makundi kwa nyakati tofauti: wanaotaka maombi ya wagonjwa kwanza, wakaombewe waketi; wanaorejea; mwishoni wasiowahi kuokoka. Wahubiri wageni hulalamika kwamba inavunja moto wa ibada, na kuna ukweli kidogo. Mwito wa namna hii huwa mrefu, na usiku wa sita watoto wanasinzia. Lakini mkono unaohesabiwa unajulikana umenyooshwa kwa ajili ya nini. Kadi moja kwa mtu mmoja kwa mkutano mzima, na swali la kwanza baada ya jina ni "Unasali wapi?" Kadi hulala kwenye kabati lenye kufuli, na za wasiotaka kufuatiliwa huchanwa.

Neno nalo limebadilika kwenye posti. Waliofika mbele wanaitwa waliofika mbele. Hakuna kinachopandishwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata, na lazima watu wawili wasome, mmoja wao asiwe wa media. Namba ya waliookoka haitolewi mpaka wiki nane zipite. Picha za umati hupigwa kwa mbali, kutoka pembeni ambako nafasi tupu zinaonekana. Uso wa mtu mmoja unaruhusiwa akiwa ametia saini, na uso wa mtoto mzazi akiwa ametia saini. Ombi la fedha huenda peke yake, na kinachoombewa kimetajwa kwa idadi: bati ngapi, bei ya bati moja, zimepatikana ngapi.

Mwezi wa kwanza safu ya waliohama ilijazwa watatu. Katibu aliiandika kwa kalamu ya risasi, mzee akamwambia arudie kwa wino.

Picha ya tatu ndiyo imebaki kazi. Katikati ya Novemba ilionekana kwenye grupu la maombi la Dar es Salaam, imekatwa ili mtoto asionekane, na maneno mapya: "Maelfu wampokea Bwana Masasi." Kijana wa media alikaa jioni nzima akiwatafuta wenye magrupu mmoja mmoja. Kati ya kumi na watatu aliowaandikia, wanane waliifuta. Watano hawakujibu, na wawili kati yao alama za bluu zinaonyesha walisoma.